Dawa ya mbwa inaporudishwa kiwandani: kwa nini namba ya toleo ni kinga ya mfanyabiashara wa mpakani

Dawa ya maumivu ya mbwa ni bidhaa ndogo katika biashara ya mpakani. Ndani ya lori la tani 28 haijazi hata kona moja. Mara nyingi ni katoni mbili au tatu zilizowekwa juu ya dawa za minyoo ya ng'ombe, dawa za kuogeshea mifugo na vyakula vya kuku. Kwa kuwa ni chache, wafanyabiashara wengi huziandika kwa maneno machache tu kwenye ankara: "dawa za mifugo, katoni 3".

Uandishi huo hauleti tabu siku dawa inapouzwa. Tabu huja siku kiwanda au mamlaka ya dawa inapotangaza kwamba toleo fulani la dawa hiyo lirudishwe kwa sababu nguvu yake hailingani kutoka kidonge hadi kidonge, au kutoka chupa hadi chupa. Siku hiyo mwenye duka Arusha aliyenunua Nairobi, mwenye duka Bukoba aliyenunua Kampala, na dereva aliyekwama kwenye foleni ya Rusumo, wote huulizwa swali moja: katoni zako ni za toleo gani?

Asiyeweza kujibu hulazimika kusimamisha mzigo wote, hata ule usio na kosa. Mbaya zaidi, hawezi kumwonya mteja ambaye tayari amempa mbwa wake dawa hiyo.

Wanaonunua dawa hizi si watu wanaofuga mbwa kwa mapenzi tu. Kampuni za ulinzi hutegemea mbwa wa doria. Polisi wana vikosi vya mbwa. Katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wapo mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu ndani ya makontena na mizigo. Mbwa wakubwa wa kazi, hasa aina ya German Shepherd, huugua sana viungo vya nyonga wanapozeeka. Mbwa wa namna hiyo anaweza kutumia dawa ya maumivu kila siku kwa miezi mingi, na hapo ndipo dawa isiyolingana nguvu inapoleta madhara.

Nguvu isiyolingana maana yake nini

Kila dawa ina kiini chake, yaani ile kemikali inayofanya kazi. Vitu vingine vilivyomo kwenye kidonge ni unga wa kujazia, gundi na ladha. Kidonge kilichoandikwa miligramu 100 kinatakiwa kiwe na takriban miligramu 100 za kiini hicho. Kwa vidonge vingi, vitabu vya viwango vya dawa huruhusu wastani wa kati ya asilimia 90 na 110 ya kiasi kilichoandikwa.

Hata hivyo, wastani peke yake hautoshi. Chukulia vidonge 10 vilivyoandikwa miligramu 100. Vitano vina miligramu 50 kila kimoja, na vitano vina miligramu 150. Ukivisaga pamoja na kuvipima, wastani utakuwa 100 kamili na dawa itaonekana nzuri. Lakini hakuna hata kidonge kimoja kilicho sawa. Ndiyo maana maabara hupima vidonge kimoja kimoja: kwanza 10, na matokeo yakitia shaka huongezwa vingine 20.

Hapa ndipo kasoro hii inapotofautiana na dawa bandia. Dawa bandia mara nyingi hugundulika kwa macho: herufi zimekosewa, rangi ya boksi imefifia, lakiri ya chupa haipo. Dawa yenye nguvu isiyolingana imetoka kiwanda halali, katika boksi halali, ikiwa na usajili halali. Muuzaji anaweza kumpa mbwa wake kidonge kimoja, akaona mbwa ametulia, akasema "nimeijaribu, haina shida". Jaribio hilo halithibitishi chochote, kwa sababu kidonge kinachofuata katika bati hilo hilo kinaweza kuwa tofauti.

Hata vifaa vya uchunguzi wa haraka, kama kile kisanduku cha Minilab kilichobuniwa Ujerumani na kinachotumika katika nchi nyingi za Afrika, vinafaa zaidi kukamata dawa isiyo na kiini kabisa au iliyopungukiwa sana. Tofauti ndogo kati ya kidonge na kidonge huhitaji maabara kamili. Kwa mfanyabiashara aliye Namanga au Busia, njia pekee ya kuitambua dawa hiyo ni namba iliyopigwa kwenye boksi.

Kwa nini kwa mbwa jambo hili ni zito

Dawa nyingi za maumivu zinazotolewa kwa mbwa ziko katika kundi la dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo za steroidi. Mojawapo ni karprofeni, inayojulikana kwa jina la Rimadyl, ambayo iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya mbwa mwaka 1996. Nyingine ni meloksikamu, inayouzwa kama Metacam na kwa majina mengine mengi.

Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Lakini kemikali za kundi hilo hilo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kipimo kikizidi, mbwa hupata vidonda vya tumbo, hutapika, hutoa kinyesi cheusi kama lami, na figo zinaweza kushindwa kazi. Kipimo kikipungua, mbwa hubaki na maumivu, na mwenye mbwa huongeza dozi kwa kukisia. Akija kukutana na vidonge vyenye nguvu ya juu, dozi aliyoiongeza inakuwa sumu.

Mfano wa meloksikamu unaeleza vizuri. Dawa ya maji ya mbwa yenye miligramu 1.5 katika kila mililita hutolewa kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha miligramu 0.1 kwa kila kilo siku zinazofuata. Mbwa wa kilo 30 anahitaji miligramu 3 kwa siku, sawa na mililita 2. Kama chupa ina nguvu maradufu ya ilivyoandikwa, mililita hizo 2 zinakuwa na miligramu 6. Hicho ni kipimo cha siku ya kwanza, sasa kinatolewa kila siku, na mwenye mbwa anaamini amefuata maelekezo.

Kasoro inaanzia wapi

Mara nyingi kasoro ya kutolingana huanzia kwenye kuchanganya. Kiini cha dawa ni kidogo, unga wa kujazia ni mwingi. Mashine isipochanganya kwa muda unaotakiwa, kiini hukusanyika upande mmoja. Hata baada ya kuchanganywa vizuri, unga wenye chembe kubwa na ndogo ukitikiswa hujitenga, kama chenga zinavyoshuka chini ya gunia la mchele. Vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya nyama, ambavyo mbwa huvipenda, vina viungo vingi zaidi na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuvichanganya sawasawa.

Sababu ya pili ni mashine ya kugandamiza vidonge. Isiporekebishwa vizuri, hutoa vidonge vinene na vyembamba.

Sababu ya tatu inahusu dawa za maji zenye chembe zinazoelea. Chembe hizo hushuka chini chupa ikikaa. Zikitengenezwa vizuri, hurudi kuchanganyika chupa ikitikiswa. Zikitengenezwa vibaya, hugandamana chini kama tope. Anayetumia chupa ya namna hiyo humpa mbwa maji matupu wiki ya kwanza na dawa kali wiki ya mwisho.

Njia, joto na stoo nazo zina sehemu yake, lakini ni sehemu nyingine. Joto kali huharibu kiini na kupunguza nguvu ya dawa kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndani ya bodi la lori lililofungwa na kuegeshwa juani, joto hupita nyuzi 40, wakati dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Unyevu hufanya vidonge vivimbe na kuvunjika.

Tofauti hii ni muhimu kwa wasafirishaji. Joto haliwezi kukifanya kidonge kimoja kiwe na miligramu 50 na jirani yake 150 ndani ya bati moja. Tangazo likisema tatizo ni kutolingana kwa mchanganyiko, kosa ni la kiwandani. Likisema dawa imepungua nguvu kabla ya wakati, maswali yataanza kuulizwa kuhusu ghala na gari. Msafirishaji mwenye kumbukumbu ya tarehe ya kupakia, siku alizokaa mpakani na mahali alipoegesha ataweza kujitetea. Asiye nayo atabebeshwa lawama.

Mifano iliyowahi kutokea

Mwezi Aprili 2008, vidonge vya moyo vya binadamu vilivyoitwa Digitek viliondolewa sokoni kote Marekani baada ya kugundulika kuwa baadhi huenda vilitoka kiwandani vikiwa na unene maradufu. Kidonge chenye unene maradufu kina dawa maradufu, na dawa hiyo, digoksini, ina nafasi ndogo sana kati ya kutibu na kudhuru. Urudishaji huo uliwekwa katika daraja la kwanza, yaani la hatari kubwa kuliko yote.

Mwaka uliofuata, Aprili 2009, farasi 21 wa timu ya polo ya Lechuza Caracas walikufa Wellington, Florida, kabla ya mechi. Walikuwa wamechomwa sindano ya mchanganyiko wa vitamini na madini. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa na seleniamu nyingi kupita kiasi, na duka la dawa lililochanganya sindano hiyo lilikiri kuwa kiasi cha kiungo kimoja kilikosewa. Mchanganyiko huo ulitengenezwa kuiga Biodyl, dawa iliyotumika katika nchi nyingine lakini ambayo haikuwa imeidhinishwa Marekani. Wanaofanya biashara kati ya nchi na nchi wana cha kujifunza hapo: dawa inayoruhusiwa upande mmoja na kukosekana upande wa pili huwavuta watu kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato haina mtu wa kupima nguvu ya dawa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2009, matoleo kadhaa ya ketamini ya mifugo yaliondolewa sokoni Marekani. Paka waliochomwa dawa hiyo walipata madhara ya aina tofauti: wengine hawakulala, wengine walilala muda mrefu kupita kawaida, na wengine walikufa. Dawa hiyo ilikuwa imetengenezwa na kampuni moja lakini ikiuzwa chini ya lebo za wasambazaji zaidi ya mmoja. Muuzaji aliyeangalia jina la boksi peke yake angeweza kudhani kwamba tangazo halimhusu.

Mifano yote mitatu inaonyesha kwamba jina la dawa, sura ya boksi na sifa ya kiwanda havitoshi. Kinachofuatiliwa ni toleo.

Tangazo la kurudisha dawa linasomwaje

Namba ya toleo, ambayo wengi huiita namba ya bechi, hutaja dawa yote iliyotengenezwa kwa mchanganyiko mmoja, kwa wakati mmoja. Hupigwa kwenye boksi, kwenye chupa au bati, na mara nyingi kwenye katoni kubwa ya nje. Tangazo rasmi hutaja jina la dawa, nguvu yake, namba za matoleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, sababu, na anayehusika kupokea dawa iliyorudishwa.

Mambo mawili zaidi hutazamwa. La kwanza ni daraja la hatari. Mamlaka nyingi hutumia madaraja matatu. Daraja la kwanza ni pale dawa inapoweza kuua au kuleta madhara makubwa. La pili ni madhara ya muda au yanayotibika. La tatu ni kasoro ambayo haitarajiwi kudhuru, kama kosa dogo la lebo.

La pili ni kina cha urudishaji. Tangazo linaweza kuishia kwa wauzaji wa jumla, kushuka hadi maduka ya rejareja, au kufika hadi kwa mtumiaji. Likifika kwa mtumiaji, mwenye duka anatakiwa kuwatafuta walionunua, na kuondoa chupa rafuni hakumalizi wajibu wake.

Pale mpaka unapoingia

Kila nchi ina mamlaka yake. Tanzania ina TMDA, iliyojulikana kama TFDA hadi mwaka 2019, na inasimamia dawa za binadamu na za mifugo. Kenya ina kurugenzi maalumu ya dawa za mifugo, VMD. Uganda ina NDA, na Rwanda ina Rwanda FDA. Dawa iliyosajiliwa Kenya haiwi imesajiliwa Tanzania kwa sababu hiyo tu. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kutambuana usajili katika upande wa mifugo ulianza na chanjo, na karprofeni si chanjo.

Wafanyabiashara wadogo wakati mwingine huchanganya mambo. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa bidhaa za nchi za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kinahusu ushuru wa forodha. Hakifuti kibali cha kuingiza dawa. Katoni moja ya dawa ya mbwa bila kibali inabaki kuwa dawa isiyo na kibali, hata kama thamani yake ni ndogo.

Tangazo nalo husafiri polepole kuliko mzigo. Kiwanda humwarifu mwakilishi wake aliyesajiliwa katika kila nchi, na mwakilishi huwaarifu wauzaji wa jumla walio kwenye vitabu vyake. Dawa iliyonunuliwa rejareja Nairobi na kuvushwa kwa njia za panya haimo kwenye kitabu cha mtu yeyote upande wa Tanzania. Tangazo halitamfikia aliyenayo. Ataendelea kuiuza, na pengine ataongezewa na mwingine mwenye haraka ya kuondoa mali yake kabla haijakamatwa. Dawa iliyokataliwa upande mmoja ikionekana kwa bei ya kutupa upande wa pili, mnunuzi ana kila sababu ya kuuliza kwanza.

Chukulia mfano wa muuzaji wa jumla wa Arusha aliyeingiza chupa 120 za toleo moja kutoka Nairobi kwa kibali. Chupa 45 aliziuza mjini Arusha, 30 alizipeleka Moshi, 10 alizituma Musoma, na 35 ziko stoo. Tangazo linapotoka, kama aliandika namba ya toleo kwenye kila risiti, atapiga simu chache tu na ndani ya siku moja chupa zote 120 zitakuwa zinajulikana zilipo. Kama hakuandika, anachoweza kuonyesha ni zile 35. Chupa 85 ziko mikononi mwa watu wasiojua, na jina litakalotajwa mbwa wakianza kuugua ni la duka lake.

Hatua za kuchukua kwa mfanyabiashara

Kwanza, kusimamisha uuzaji wa dawa hiyo mara moja, kabla hata ya kuhakiki namba.

Pili, kulinganisha namba za matoleo kwenye boksi moja moja. Katoni ya nje inaweza kuwa na namba moja na ndani mkawa na chupa za matoleo mawili, hasa kama muuzaji wa jumla aliipanga upya.

Tatu, kuzitenga zilizoguswa mahali panapofungwa kwa kufuli, na kuziandika kwa herufi kubwa ISIUZWE. Kuziacha pembeni ya kaunta ni kukaribisha kosa, kwani kijana wa zamu ya jioni hajui kilichosemwa asubuhi.

Nne, kuandika hesabu: ngapi zilipokelewa, ngapi ziliuzwa na kwa nani, ngapi zimebaki. Hesabu hiyo ipelekwe kwa aliyemuuzia na kwa mamlaka ya dawa ya nchi aliyopo. Chupa na vidonge vilivyofunguliwa navyo vihesabiwe.

Tano, kuwaarifu wateja waliochukua toleo hilo, wakiwamo walio ng'ambo ya mpaka, na kutunza kumbukumbu ya nani aliarifiwa na lini.

Sita, kutorudisha mzigo mpakani bila karatasi. Mzigo unaorudi nao ni mzigo. Unahitaji nakala ya tangazo, hati za uingizaji wa awali, ridhaa ya mamlaka ya dawa, hati za forodha za kuurudisha nje, na mpokeaji aliyekubali upande wa pili. Bila hivyo, dereva ataonekana anavusha dawa mbovu kinyemela, hata kama nia yake ni njema.

Saba, kutochoma dawa kwenye shimo nyuma ya duka wala kuimwaga mtoni. Uteketezaji hufanywa mbele ya maofisa na hutolewa hati. Hati hiyo ndiyo ushahidi wa kudai fedha.

Upande wa wasafirishaji

Msafirishaji hana wajibu wa kupima dawa, lakini ana wajibu wa kujua amebeba nini. Hati ya mzigo inayotaja jina la dawa, idadi ya katoni na namba za matoleo humwezesha kutoa katoni 3 zinazotakiwa na kuendelea na safari. Hati inayosema "dawa mchanganyiko" inaweza kusimamisha lori zima huku kila katoni ikifunguliwa.

Tangazo likitoka gari likiwa njiani, dereva hapaswi kufungua lakiri ya forodha ili aangalie mwenyewe. Anatakiwa kumpigia mwenye mzigo na wakala wa forodha, na katoni husika zitolewe mbele ya maofisa kwenye kituo cha mpakani. Kwenye vituo vya pamoja kama Namanga, Busia na Rusumo, maofisa wa nchi zote mbili wako eneo moja, jambo linaloweza kuokoa siku.

Aidha, katoni zilizotengwa zisichanganywe na mzigo mwingine wakati wa kurudi, na zisipakuliwe kwenye stoo ya njiani "kwa muda". Mali nyingi iliyorudishwa hupotea hapo kwenye stoo za njiani na baadaye kuonekana sokoni.

Nani analipa hasara

Wengi hudhani bima ya mizigo italipa. Katika masharti yanayotumika sana kwenye biashara ya kimataifa, yale ya Institute Cargo Clauses ya London, hata daraja A lililo pana zaidi halilipi hasara inayotokana na kasoro iliyomo ndani ya bidhaa yenyewe, wala hasara inayosababishwa na ucheleweshaji. Dawa iliyochanganywa vibaya kiwandani ni kasoro ya ndani. Lori likipinduka, bima inaingia. Kidonge kikiwa na nguvu maradufu, bima hiyo haiingii.

Kinachobaki ni mkataba kati ya mnunuzi na muuzaji. Mkataba mzuri husema kwamba toleo likirudishwa, muuzaji atafidia bei ya dawa, gharama ya kuirudisha au kuiteketeza, na kodi zilizolipwa. Husema pia fidia itatolewa ndani ya siku ngapi, na kama ni kwa fedha au kwa dawa nyingine. Bila maneno hayo, mfanyabiashara mdogo hubaki akiomba hisani.

Lakini hata mkataba mzuri hudai ushahidi. Kiwanda hulipa kwa namba ya toleo na ankara. Aliyenunua bila risiti, kwa bei nafuu, kupitia kwa mtu wa kati asiyejulikana, aliokoa shilingi chache siku ya kununua na atapoteza mtaji wote siku ya tangazo.

Mteja aliyekwisha tumia

Mwenye mbwa akirudi dukani na dawa ya toleo lililotajwa, aambiwe aache kuitumia na ampeleke mbwa kwa daktari wa mifugo pamoja na boksi lenyewe. Dalili za hatari ni kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi, kunywa maji mengi kupita kawaida, ulegevu, na ufizi au macho kuwa ya manjano.

Hapa wauzaji wengi hufanya kosa la pili. Dawa ya mbwa ikiondolewa rafuni, mteja huuliza mbadala, naye muuzaji humpa aibuprofeni au diklofenaki ya binadamu. Dawa hizo ni hatari kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Parasetamoli nayo huua paka. Vilevile, kumpa mbwa dawa mbili za kundi hilo kwa pamoja, au kuchanganya na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni, huongeza hatari ya vidonda vya tumbo. Kubadili dawa ni uamuzi wa daktari, kwa kuwa mara nyingi mbwa huhitaji kupumzishwa siku kadhaa kabla ya kuanza nyingine.

Safu moja zaidi kwenye daftari

Yote haya hayahitaji mtambo wala mtaalamu. Yanahitaji safu moja zaidi kwenye daftari la kupokelea mali na kwenye risiti: namba ya toleo. Anayeanza na dawa ya mbwa, ambayo ni kidogo na rahisi kuhesabu, hujikuta ameshazoea anapofika kwenye dawa za ng'ombe, ambako toleo moja lenye kasoro linaweza kugusa mazizi mengi na maziwa ya watu wengi.

Siku mzigo unaposhushwa, kabla katoni hazijafunguliwa na maboksi kutawanyika rafuni, namba zisomwe na kuandikwa. Ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo chupa hutawanyika kwa wateja, na asiyeandika hana njia ya kuzifuata tena.